Mabinti na Waisome Mifupa ya Kwao

Simba wa porini na simba wa kufungwa hawatafuni mfupa kwa namna moja. Simba wa bustani, mwenye shibe na asiye na pa kwenda, hushinda na mfupa akiung'ata na kuugeuza. Simba wa Tarangire hula nyama akaondoka zake. Jambo hili laonekana dogo, ila lilitikisa hoja nzito. Kwa miaka mingi baadhi ya wataalamu walitumia alama za meno ya wanyama wa kufungwa kuamua nani aliifikia nyama kwanza pale Olduvai, karibu miaka milioni mbili iliyopita: mtu wa kale au mnyama mla nyama. Kumbe kipimo chenyewe kilihitaji kupimwa. Utafiti uliolinganisha mifupa iliyoachwa na simba wa Tarangire na ile iliyotafunwa na simba wa kufungwa ulichapishwa mwaka 2013, na jina la kwanza kwenye orodha ya waandishi ni la mwanamke wa Kitanzania, Agness Gidna.

Nimemtanguliza kwa makusudi. Kila binti anayesoma akiolojia, biolojia au jiolojia Dar es Salaam, Dodoma, Nairobi, Kampala au Lubumbashi, na ambaye moyo wake umetekwa na mifupa ya wanyama wa kale, nataka ajue njia imeshakanyagwa, na aliyeikanyaga ni dada yake. Na wale walioshika funguo, yaani maprofesa, wakuu wa makumbusho, viongozi wa kambi za utafiti, wafadhili, na wazazi wanaohangaikia ada, nataka niwaambie waziwazi: binti huyu hana haja ya kuambiwa ajitahidi. Anajitahidi. Haja yake ni vitu vinavyoshikika, na vingi kati ya hivyo vimo mikononi mwetu.

Mfupa hautoki ardhini ukiwa na jina. Hutoka ukiwa kipande cha urefu wa kidole, kimevunjika pande zote mbili, kimeshikwa na udongo. Mtafiti hukisafisha kwa brashi, hukipima kwa kalipa, hukiweka kando ya mifupa ya wanyama wanaojulikana, kisha huanza kukihoji. Wewe ni wa nani: swala, ngiri, ng'ombe? Wa mguu wa kulia au wa kushoto? Ncha zako zimeungana au bado? Maana mnyama mchanga ncha za mifupa yake huwa hazijashikana na kati. Na mikwaruzo hii myembamba karibu na kiungo, ni ya jiwe kali lililokata kano au ni ya meno ya fisi? Mwaka 1981 Pat Shipman, mwanamke, pamoja na Rick Potts walichapisha kazi ya kuzitofautisha alama hizo kwenye mifupa ya Olduvai kwa hadubini ya elektroni. Mjadala waliouchochea haujaisha hadi leo, na utafiti wa Tarangire ni sehemu yake. Swali la lini binadamu alianza kula nyama kwa uhakika linategemea mikwaruzo ya upana usiofikia milimita moja.

Ukishuka pwani, mifupa inasimulia habari nyingine kabisa. Pale Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa cha Unguja, wachimbaji wamekuta mifupa ya kuku na ya panya weusi, wageni waliovuka bahari kutoka Asia. Walifika lini? Jibu si rahisi, kwa sababu mfupa wa kuku hufanana mno na wa kanga na wa kwale, na anayekosea hapo hukosea historia nzima ya biashara ya Bahari ya Hindi. Mwaka 2017 kundi la watafiti lililoongozwa na Mary Prendergast lilipitia upya ushahidi wa Afrika Mashariki kwa macho, kwa protini na kwa vinasaba, likaonesha kwamba ushahidi wa kuaminika wa wanyama hao unaanza katika nusu ya pili ya milenia ya kwanza. Ndivyo ilivyo kwa kondoo na mbuzi pia: mifupa yao inafanana hata ripoti nyingi huwaandika pamoja, ilhali mfugaji yeyote wa Simanjiro atakuambia kwamba kuchunga kondoo na kuchunga mbuzi ni kazi mbili tofauti.

Na samaki! Katika miji ya kale ya Waswahili mifupa ya changu na pono imejaa. Pono ana meno ya kooni, magumu, yanayoponda matumbawe, na meno hayo hudumu ardhini karne kwa karne wakati mifupa mingine imekwisha kuwa vumbi. Eréndira Quintana Morales ameijenga taaluma yake juu ya mifupa ya namna hii ya mwambao wetu. Sasa mfikirie binti wa Kilwa Kisiwani, wa Pate au wa Mkokotoni. Amemjua pono tangu hajaanza shule. Anajua anavuliwa wapi, kwa dema au kwa mshipi, na maji yakiwa bamvua au maji mafu. Akipewa kalipa, mwongozo na msimamizi mwenye subira, ataona ndani ya meno yale mambo ambayo mgeni huchukua miaka kuyaona. Vivyo hivyo binti aliyekulia bomani, anayejua kiungo kinaachia kisu mahali gani. Maarifa hayo yana thamani ya kisayansi, na yule anayeyaficha chuoni kwa kuona haya ayatoe mbele ya darasa.

Nimetaja Shipman, Prendergast, Quintana Morales. Ningeweza kuongeza Diane Gifford-Gonzalez, aliyeishi na Wadassanech kando ya Ziwa Turkana katika miaka ya 1970 akitazama jinsi mifupa ya mlo wa kambi inavyogeuka kuwa mabaki ya kiakiolojia, au Fiona Marshall, ambaye kazi yake juu ya wafugaji wa kale wa Kenya na juu ya asili ya punda inasomwa duniani kote. Hakuna anayeweza kusema kwamba wanawake hawaiwezi kazi hii. Katika ardhi yetu hasa, wameifanya kwa ubingwa. Lakini wengi wa mabingwa hao wametoka ng'ambo. Tunawashukuru kwa dhati, na shukrani ya kweli ni kuwaletea wenzao wa kufanya nao kazi kutoka Karatu, Lodwar, Lindi na Lamu, wenye shahada zao, maswali yao na majina yao kwenye makala.

Hapo kwenye jina ndipo nataka tukae kidogo.

Sayansi hii imekuwa tayari sikuzote kupokea mikono. Kati ya 1909 na 1913, kule Tendaguru, mamia ya wafanyakazi wa kusini mwa Tanzania ya leo walichimba mifupa ya dinosaria, na wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa kwenda Berlin. Msimamizi wao mkuu, Boheti bin Amrani, anajulikana. Wengi wa wenzake hawajulikani. Uingereza nako, mwaka 1898, msichana wa miaka 19 aitwaye Dorothea Bate alijipeleka mwenyewe kwenye jumba la makumbusho ya historia ya asili London akaomba kazi. Wakampa ngozi za ndege azipange, na baadaye visukuku avisafishe, akilipwa kwa hesabu ya vipande. Bate huyohuyo alikwenda Kupro, Krete na Visiwa vya Balearic, akapanda majabali, akaingia mapangoni, akaieleza dunia juu ya viboko vidogo na tembo wadogo wa visiwani, akawa miongoni mwa waasisi wa somo la mifupa ya wanyama katika akiolojia. Alipokabidhiwa uongozi wa tawi la makumbusho hayo pale Tring ilikuwa 1948. Nusu karne! Alifariki miaka mitatu baadaye.

Sisi hatuna nusu karne ya kumsubirisha mtu. Angalia maabara zetu: ni akina nani wanaoosha mifupa, wanaoiandika namba, wanaoipanga kwenye trei na kujaza daftari? Mara nyingi ni wanafunzi wa kike, makini, wavumilivu, wenye mwandiko safi. Kisha angalia ukurasa wa kwanza wa makala inayotokana na kazi hiyo. Pengo lililopo kati ya trei na ukurasa huo ndilo linalotutia umaskini wa wataalamu. Profesa, ukimpa mwanafunzi wako wa kike trei kumi za kuchambua, mpe na swali moja lililo lake. Mwambie: mifupa ya swala ya tabaka hili ni yako, ichambue, iandike, mimi nitakusahihisha. Mtu akishakuwa na swali lake hakamatiki.

Mary Leakey hakuwa na shahada ya kusomea chuoni. Alikuwa na jicho, mkono wa kuchora, na watu waliomwachia kazi iwe yake. Mwaka 1948, katika kisiwa cha Rusinga ndani ya Ziwa Victoria, alikuta fuvu la Proconsul, kiumbe wa kale wa jamii ya nyani. Tarehe 17 Julai 1959 mumewe akiwa kambini na homa, yeye alitoka na mbwa wake kwenda kukagua ardhi ya Olduvai, akaona fuvu la jamaa wa kale wa binadamu, ambalo liliitwa Zinjanthropus. Na Laetoli, katika miaka ya 1970, kikosi alichokiongoza kilifunua jivu la volkano lenye nyayo za tembo, twiga, vifaru, sungura na kanga, na mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili yapata miaka milioni 3.66 iliyopita. Nyayo za binadamu wa kale ndizo zilizopata sifa, lakini ni nyayo na mifupa ya wanyama iliyotuambia nchi ile ilikuwa ya namna gani walipopita. Anayedharau mifupa ya swala hajui kwamba bila swala hatuna mazingira, na bila mazingira hatuna hadithi.

Kenya imetupa Emma Mbua, anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kubobea katika elimu ya visukuku vya binadamu wa kale. Alihudumu miaka mingi katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mwaka 2016 aliongoza uchapishaji wa habari za Kantis, eneo lenye visukuku lililo juu ya bega la Bonde la Ufa, karibu kabisa na Nairobi. Wengi walidhani mabaki ya Australopithecus, jamaa wa kale wa binadamu, yako bondeni tu, mbali na miji. Yeye na wenzake wakaonesha kwamba yapo hata huku juu, pamoja na mifupa ya wanyama wengi walioishi nao. Binti wa Rongai anaweza kupanda matatu asubuhi akaiona nchi hiyo. Mwalimu wa sekondari unayesoma haya, wapeleke mabinti wako makumbusho muhula huu, na utangulie kuuandikia uongozi wa makumbusho barua ukiomba wakutanishwe na mtaalamu wa kike. Nusu saa na mtu wa aina hiyo inaweza kumpa mtoto dira ya maisha.

Sasa tuzungumze yale ambayo watu huyasema kwa sauti ya chini.

Meave Leakey, aliyetangaza Australopithecus anamensis pamoja na wenzake mwaka 1995 na Kenyanthropus platyops mwaka 2001, alikuwa amesomea viumbe wa baharini. Alipotafuta kazi kwenye meli za utafiti aliambiwa hazina huduma za wanawake. Ndiyo maana mwaka 1965 alikuja Tigoni, Kenya, kwenye kituo cha utafiti wa jamii ya nyani, na bahari ikampoteza. Sisi tulifaidika. Lakini ni wangapi walioambiwa maneno hayo wakarudi nyumbani, wasionekane tena? Choo cha kambini ni jambo la kisayansi. Kambi ya Olduvai, ya Turkana au ya Rukwa yenye choo chenye mlango, mahali pa kuogea, maji ya kutosha, taulo za kike kwenye sanduku la huduma ya kwanza na namna ya kuzitupa kwa heshima, ni kambi ambayo binti atakaa wiki sita akifikiria mifupa. Gharama yake si kubwa kwa kambi ya utafiti. Iandikwe kwenye bajeti waziwazi, pasiwe na mtu wa kuomba kwa haya.

Na usalama. Mwaka 2014 wanasayansi wanne wanawake, wakiongozwa na Kathryn Clancy, walichapisha matokeo ya kuwahoji watafiti 666 waliofanya kazi za uwandani katika nchi mbalimbali. Takribani asilimia 64 walisema wamewahi kunyanyaswa kijinsia wakiwa kazini, na zaidi ya asilimia 20 walisema wameshambuliwa kingono. Wanawake waliokuwa bado wanafunzi au wanaanza kazi ndio waliolengwa zaidi, na mara nyingi aliyewafanyia hivyo alikuwa mkubwa wao. Wachache walijua pa kupeleka malalamiko. Kiongozi wa kambi, kabla hujapakia mahema, andika kanuni za mwenendo, zisomwe kwa Kiswahili mbele ya wote, kuanzia profesa hadi dereva na mpishi. Taja mtu mmoja aliye nje ya kambi, mwenye simu inayopokelewa, ambaye binti anaweza kumwendea bila kupitia kwako. Mzazi anayeogopa kumruhusu mwanawe aende porini na wanaume asiowajua hana ujinga; ana sababu. Mpe karatasi hiyo aisome, mpigie simu umwamkie, mweleze binti yake atalala wapi na atakwenda kutafuta nini. Mzazi akiheshimiwa hivyo huwa mlinzi wa kwanza wa ndoto ya mwanawe.

Upo pia wakati mgumu kati ya shahada ya kwanza na ya uzamili, na mwingine kati ya uzamili na uzamivu, pale ambapo ufadhili umekatika, ndugu wanauliza ajira iko wapi, na posa zinabisha hodi. Wengi tunawapoteza hapo. Fedha zipo mahali fulani na ziombwe: Leakey Foundation ina ufadhili wa Baldwin kwa wanafunzi wa nchi zinazoendelea, na mfuko wa Francis H. Brown kwa watafiti wa Afrika Mashariki. Kazi ya msimamizi ni kukaa na mwanafunzi wake jioni mbili tatu na kumfundisha kuandika ombi, maana ombi ni ufundi, na hakuna aliyezaliwa nao. Akikataliwa mara ya kwanza, walisome pamoja lile pendekezo lililorudi, walirekebishe, walipeleke tena. Akiolewa, akijifungua, asifutwe kwenye mradi. Mifupa imengoja miaka milioni. Itangoja miezi minne ya uzazi.

Visukuku na malikale ni mali ya umma kwa sheria zetu, Tanzania tangu Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Kenya kwa sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, na mgeni anayetaka kufanya utafiti hupitia tume ya sayansi, COSTECH ya Tanzania au NACOSTI ya Kenya, kuomba kibali. Hapo tuna nguvu na tuitumie. Sampuli ya jino ikipanda ndege kwenda kupimwa ng'ambo, na binti mmoja wa kwetu apande nayo. Akasimame kwenye mashine, ajue inavyosoma protini iliyobaki ndani ya mfupa au kaboni iliyomo kwenye enameli ya jino, arudi nayo kichwani. Liwe sharti la ushirikiano, liandikwe kwenye mkataba, na mshirika wa kweli atalipokea kwa furaha.

Na vyuo visingoje fedha za ajabu kuanza. Maabara yoyote ya mifupa inaanza na mkusanyo wa kulinganishia, na mkusanyo huo unaweza kuanzia machinjioni na soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Kichwa cha mbuzi, miguu ya kondoo, kuku mzima, changu, pono, chewa, kolekole. Chemsha taratibu, safisha, kausha kivulini, andika jinsia, umri na mahali alipotoka, panga kwenye maboksi. Mnyamapori ana sheria zake, huyo usimguse bila kibali. Lakini kwa wanyama wa kufugwa na samaki pekee darasa la watu kumi litapata kazi ya mwaka mzima, na litakapokwenda Makumbusho ya Taifa Nairobi, kwenye mkusanyo mkubwa wa mifupa ya wanyama wa Afrika Mashariki, litakuwa linajua linachouliza.

Nawe binti, usingoje yote haya yakamilike. Chagua mnyama mmoja au kiungo kimoja, ukijue kuliko mtu yeyote katika chuo chako. Jifunze kuchora mfupa, kwa sababu mkono unaochora hulazimisha jicho kuona. Jifunze takwimu, usizikimbie. Soma ripoti za zamani pamoja na majedwali yake ya nyuma, huko kumelala maswali ambayo waandishi hawakuwa na muda wa kuyajibu. Mwandikie mtafiti unayemheshimu barua fupi yenye swali moja la maana kuhusu makala yake. Asipojibu, mwandikie mwingine. Na ukishapata nafasi, mtafute aliye darasa moja nyuma yako umshike mkono leo, ukiwa bado mwanafunzi, kabla hujawa na cheo chochote.

Misimu ya uchimbaji hufuata kiangazi, na orodha za kambi huandikwa miezi mingi kabla. Kiongozi wa kambi, kama orodha yako ya msimu ujao bado iko mezani, ifungue sasa. Andika jina la binti huyo unayemjua, yule anayebaki maabara wenzake wakishaondoka. Kwenye safu ya kazi usiandike msaidizi. Andika tabaka na kundi la wanyama litakalokuwa lake. Kisha mpigie simu, umtumie ripoti za eneo hilo, na umwambie akija kambini aje na swali lake.